Sisimizi Hajafika kwenye Sukari

Nilifika kwa mpwa wangu na begi moja na kikohozi, nikasema nitakaa siku nne. Mpwa wangu huyu ni mtoto wa dada yangu, anafundisha darasa la pili, na ananijua kuliko ninavyopenda kujulikana. Alifungua mlango akaliangalia begi kabla ya kuniangalia mimi.

"Shikamoo, Mjomba. Umekuja, au unapita?"

"Marahaba. Napita."

"Basi pita na huku mezani, chakula kinapoa."

Asubuhi yake akaniuliza kama bado nakumbuka mambo ya nyaya. Mimi kazi nimezifanya kama nilivyosoma, kipande huku kipande kule: darasa la kwanza mji huu, la tatu mji mwingine, la pili sijui lilipotelea wapi. Nimepakua mizigo, nimepika kwenye kambi za watengeneza barabara, nimelinda maghala. Lakini kazi niliyokaa nayo muda mrefu, miaka sita mizima, ilikuwa ya laini za simu za zamani, zile za nguzo na waya. Simu ikifa, natumwa nikatafute imefia wapi. Nikamwambia nakumbuka.

"Twende shuleni basi," akasema. "Kuna kompyuta mbili zinazima zenyewe. Fundi tulimwita tangu mwezi uliopita, kila tukimpigia yuko njiani."

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya madawati mabovu kabla hajakipigania. Kompyuta nane kuukuu zimepangwa juu ya milango ya zamani iliyolazwa kwenye matofali. Mlango mmoja bado una kitasa, na watoto wanagombania kukaa karibu nacho. Zile zilizokuwa zinazima hazikuwa na ugonjwa wowote wa maana. Plagi zilikuwa zinacheza kwenye soketi. Nilizikaza, nikafuta vumbi, kazi ikaisha kabla jasho halijatoka. Ningeweza kuondoka. Lakini darasa likaingia, watoto thelathini na watatu, wanne wanne kwa mashine na moja ina watano, nikabaki nimeegemea ukuta kuangalia.

Kwenye kioo kulikuwa na uwanja wa miraba, kama sakafu ya vigae. Kona moja amesimama sisimizi mweusi, kona nyingine kuna punje ya sukari, na katikati mawe. Mtoto anampangia sisimizi maneno, moja chini ya jingine: mbele tatu, geuka kulia, mbele mbili, beba. Akimaliza anabonyeza alama ya kijani, na sisimizi anafanya alivyoambiwa, neno kwa neno, hata kama aliambiwa agonge jiwe. Akigonga anatikisa kichwa na kukaa chini. Hapo pembeni kuna alama nyekundu imeandikwa "Futa yote".

Nakuambia, sijawahi kuona vidole vyepesi kama vile. Sisimizi akigonga tu, kabla hata hajamaliza kutikisa kichwa, pwa! Futa yote. Wanaanza upya, wanaandika yale yale, anagonga jiwe lile lile. Pwa! Kijana mmoja wa miaka saba, mdomo wake haukai, darasa zima linamwita Redio, alifuta mara kumi na moja nikihesabu. Na kila mara alitangaza: "Sasa hivi inakubali! Hii ndiyo yenyewe! Angalieni!"

Meza ya pili alikaa msichana mwenye mwandiko mzuri kupita wa mwalimu wake. Wenzake walimpa jina la Karani. Nilipomuuliza umri akasema miaka saba na nusu, na ile nusu aliitamka kwa heshima. Sisimizi wake alipogonga, Karani hakufuta kwanza. Alikiziba kioo kwa mwili wake wote, mikono imetandazwa kama mtu anayezuia mlango usifunguke, halafu ndipo akafuta kwa siri.

Watoto walipotoka nikamuuliza mpwa wangu, "Hawa wanaogopa nini?"

Akakaa kwenye ukingo wa meza. "Mjomba, shule hii inapenda usafi. Kila Ijumaa Mwalimu Mkuu anakagua madaftari. Lisilo na doa, lisilo na kosa, linatundikwa ofisini kwake, na mwenye daftari anapewa kifutio kipya. La Karani limekaa ukutani muhula mzima. Kwa hiyo mtoto akikosea, kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha hakuna aliyeona. Mimi nawaambia tafuteni kosa. Watalitafutaje na wameshalifuta?"

"Mwambie Mwalimu Mkuu."

"Nilimwambia. Akaja kuangalia, akasimama hapo ulipo. Akasema, 'Wanabonyeza na kufuta, wanabonyeza na kufuta. Darasa la saba wana mtihani na hawajui hata kuchapa barua.' Hajakosea, Mjomba, kweli hawajui. Ameniambia Ijumaa ya mwisho wa mwezi nimwonyeshe mtoto mmoja aliyemfikisha sisimizi kwenye sukari peke yake, bila mkono wangu. Asipokuwepo, chumba ni cha darasa la saba."

"Zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na saba." Akawa anachezea kile kitasa. "Miaka miwili nimezunguka na barua kuzitafuta hizi kompyuta. Wale wakubwa watachapa, sawa. Lakini hawa wadogo bado wako kwenye umri wa kuuliza. Wakifika darasa la saba wameshajifunza kunyamaza."

Nikaikaza tena plagi moja iliyokuwa imeshakazwa. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema, "Kesho nipe nusu saa na hilo darasa lako."

Kesho yake nilisimama mbele ya ubao, mimi ambaye ubao niliuona kwa vipande. Nikawaambia, tuseme kati ya mji na mji kuna nguzo elfu moja zimebeba waya wa simu. Simu imekufa. Utapanda nguzo ngapi ili ujue waya umekatika wapi?

"Zote!" Redio akapiga kelele.

"Utazeeka juu ya nguzo."

"Kwani wewe hukuzeeka, Babu?"

Darasa likaangua kicheko, mpwa wangu akaziba mdomo kwa daftari. Nikasema, "Nimezeeka, ndiyo, lakini si kwa kupanda zote. Mimi naenda ile ya katikati, ya mia tano. Napanda, nachomeka simu yangu ya kupimia kwenye waya, napiga kule nilikotoka. Wakiitika, basi huku nyuma kote hakuna kosa, sina haja napo tena. Nguzo mia tano nimezimaliza kwa kupanda moja. Kosa liko mbele. Naenda katikati ya zilizobaki."

Wengine walielewa, wengine walikuwa wanaangalia kikohozi changu kinapotokea. Kwa hiyo tukatoka nje, uwanjani, maana mtoto anaelewa kwa miguu.

Nikawapanga thelathini na wawili mstari mmoja, wameshikana mikono, wao ndio nguzo. Mchezo ni huu: wa kwanza anambana mwenzake mkono, huyo anambana anayefuata, mpaka mwisho wa mstari. Lakini mmoja kati yao ni mbovu. Yeye akibanwa, habani. Redio, aliyebaki nje, ndiye fundi. Anaruhusiwa kumwendea mtu yeyote na kumuuliza, "Imefika?" na huyo anasema kweli. Amtafute mbovu kwa maswali machache awezavyo.

Wakafumba macho wote. Nikapita nyuma ya mstari na kumgusa mmoja begani. Nilimgusa Karani. Sikuwa na sababu, ndilo bega lililokuwa karibu.

"Haya!"

Mkono wa kwanza ukabana. Redio akakimbia katikati, kwa mtoto wa kumi na sita. "Imefika?" Imefika. Akaenda kwa wa ishirini na nne. Imefika. Wa ishirini na nane, imefika. Wa thelathini, wa thelathini na moja. Imefika, imefika. Wa mwisho kabisa, mtoto mdogo wa meno mawili, alikuwa anautikisa mkono wake kwa furaha: "Imefika zamani!"

Redio akashika kiuno. "Babu, umetupiga chenga. Hapa hakuna mbovu."

"Yupo."

"Hayupo! Hesabu mwenyewe!"

Wakaanza kusukumana na kulaumiana. Nani kaguswa? Aseme! Mimi nilikuwa najua, na jina lilishafika kwenye ulimi, lakini mpwa wangu alinitolea jicho na kutikisa kichwa. Tukangoja. Mwisho Karani akanyoosha mkono, nusu tu, mpaka usawa wa sikio.

"Ni mimi."

"Sasa mbona ukabana?" Redio akamfokea. "Umeharibu mchezo wote!"

"Mkono ulibana wenyewe," akasema. Wenzake wakacheka. Alisubiri wamalize. Halafu akanigeukia mimi, na sikutegemea. "Babu, simu ilipokuwa inakufa, ilikuwa ni nguzo imeharibika?"

"Mara nyingi hapana. Nguzo inasimama tu. Ni waya, kati ya nguzo na nguzo. Kutu imeingia kwenye kiungo, au upepo umeukata."

"Basi mbona umemgusa mtu?"

Miaka sita nimefanya kazi ile, na katika mchezo nilioutunga mwenyewe nimeweka kosa mahali ambapo halikai. Nilimwambia mtoto wa miaka saba na nusu awe yeye ndiye ubovu, mbele ya wenzake wote, halafu nikashangaa mkono wake umekataa.

"Umenikamata," nikasema. "Nimekosea mimi. Ungerekebisha vipi?"

Akafikiri, anavuta uzi wa sweta. "Usiguse bega. Gusa pale mikono inaposhikana. Hao wawili wajue, wasibanane. Hapo hakuna mbovu. Ni katikati yao tu ndiyo haipiti."

Tukacheza alivyosema. Redio alipata mahali penyewe kwa maswali matano, akajitangaza bingwa wa dunia. Tukacheza tena na tena, kila mmoja akitaka mkono wake ndio uguswe. Karani alicheza pande zote mbili, fundi na waya. Tuliporudi ndani niliomba chaki, nikaandika ubaoni kwa mwandiko wangu wa kuku: "Babu alikosea. Aligusa nguzo. Ilitakiwa aguse waya. Aliyeona: Karani." Mpwa wangu akauacha ubao hivyo wiki nzima, akawa anafundisha kwenye ile nafasi iliyobaki pembeni.

Siku zangu nne zilikwisha na hakuna aliyezitaja.

Kwenye ile orodha ya maneno ya sisimizi kulikuwa na neno "simama", ambalo hakuna mtoto aliyewahi kulitumia. Nani anataka sisimizi asimame? Mpwa wangu akalitoa vumbi. Sisimizi akigonga jiwe, akawafundisha, usifute. Weka "simama" katikati ya maneno yako. Mwendeshe tena. Akisimama, jiulize: je, yuko nilipomtaka awe? Kama yuko, nusu ya juu ni nzima, kosa liko chini. Kama hayuko, kosa liko juu. Sogeza "simama".

Halafu akaleta kalamu za wino.

"Mwalimu, huu haufutiki!" walilalamika.

"Najua," akasema. "Kila njia ya sisimizi mtaiandika daftarini kwa wino. Ukikuta kosa, piga mstari mmoja juu yake, lionekane bado, na pembeni andika umelikamataje."

Ungedhani amewaambia waje shule bila nguo. Siku tatu za kwanza walikuwa wanaandika wamelilalia daftari. Karani ndiye aliyechukua muda mrefu kuliko wote. Kosa lake la kwanza alilikodolea macho mpaka kengele ikalia, halafu akatoa rula mkobani akalipigia mstari ulionyooka mwembamba, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. La pili alilipigia kwa rula pia. La tatu alimwazima Redio rula ile, na Redio akaipoteza, kwa hiyo la nne alilipiga kwa mkono.

Nisiseme uongo kwamba mambo yalinyooka. Wengine waliweka "simama" na bado wakafuta yote kwa mazoea. Redio, uwanjani bingwa, kwenye mashine haraka ilimshinda. Na njia zenyewe hazikuwa rahisi, mpwa wangu alikuwa ameweka mawe mengi zaidi. Kila jioni, njia nzima ya kurudi nyumbani, alikuwa akihesabu siku kwa sauti. Siku saba. Siku nne. Alhamisi hakuhesabu.

Ijumaa Mwalimu Mkuu alikuja. Ni mama mrefu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na viatu vyake unavisikia tangu mwanzo wa korido, watoto wananyooka kabla hajafika mlangoni. Kwapani alikuwa na daftari moja.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu!"

"Marahaba. Kaeni. Mzee, na wewe kaa." Nikakaa. "Haya, ni nani amemfikisha sisimizi kwenye sukari?"

Redio akaruka. Alikuwa kweli amemfikisha, asubuhi ileile. Akabonyeza ya kijani. Sisimizi akaenda, akageuka, akakwepa mawe yote, akabeba sukari. Darasa likapiga makofi. Mpwa wangu akashusha pumzi.

"Vizuri sana," Mwalimu Mkuu akasema, akavaa miwani. "Hapa mbona umegeuka kushoto?"

Redio akaangalia kioo kana kwamba anakiona leo. "Sijui, Mwalimu. Nilijaribujaribu."

"Ulijaribu mara ngapi?"

"Nyingi! Halafu ikakubali."

Nikamwona mpwa wangu amefumba macho.

"Hii ni bahati nasibu, Mwalimu," Mwalimu Mkuu akamwambia, bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akalitoa lile daftari kwapani akalifungua juu, darasa zima lione. "Nilitaka pia muone hili, maana nimesikia humu ndani mnaandika kwa wino na kuchorachora. Hili ni la mwenzenu, la muhula uliopita. Halina doa. Simama, binti. Hebu niletee na la sasa."

Karani akalipeleka. Mwalimu Mkuu akalifungua, na nikaona uso wake unabadilika, ukurasa kwa ukurasa. Mistari juu ya maneno, mishale, maandishi pembeni, duara lililopigwa mara mbili.

"Hili ni lako?"

"Langu, Mwalimu."

"Nini kimekupata?"

Nilitaka kumsaidia, nikaukalia mkono wangu. Karani akasogea, akaweka kidole kwenye ukurasa. "Hapa sisimizi aligonga jiwe. Nikamsimamisha katikati, hatua ya sita. Alikuwa pale nilipotaka. Kwa hiyo juu kote hakuna kosa. Nikamsimamisha ya tisa, hakuwepo. Basi nikajua ni saba, au nane, au tisa. Nikakuta ya tisa niliandika mbele tano, na miraba ni minne."

"Na hapa? Umeandika kulia ukakata ukaandika kushoto. Njia si inaenda kulia?" Mwalimu Mkuu aligusa kioo. "Huku ni kulia."

"Kulia kwetu, Mwalimu. Lakini sisimizi hapo anashuka, anakuja kwetu. Kulia kwake si kulia kwangu."

"Vipi?"

Karani akarudi nyuma hatua mbili, akasimama wakitazamana uso kwa uso. "Nyoosha mkono wa kulia, Mwalimu."

Hakuna aliyewahi kumwambia yule mama anyooshe mkono. Akanyoosha. Karani naye akanyoosha wake wa kulia. Mmoja ulielekea dirishani, mwingine ulielekea mlangoni. Mwalimu Mkuu akauangalia mkono wa mtoto, akauangalia wake, akaangalia kioo. Alikaa hivyo muda, mkono hewani.

"Nilikosea mara tatu hapo," Karani akasema. "Mpaka nilipoligeuza daftari juu chini."

Mwalimu Mkuu akaushusha mkono. Akalichukua lile daftari safi, akaliweka kando ya lile chafu. "Sasa niambie. Humu mbona hakuna hata kosa moja? Muhula uliopita ulikuwa hukosei?"

Karani aliangalia viatu vyake, halafu mwalimu wake, halafu akasema polepole, "Nilikuwa nachana karatasi, Mwalimu. Unachana yenye kosa, na pacha wake wa upande wa pili wa pini, ili asilegee akaanguka. Halafu unaandika upya."

Mwalimu Mkuu akalifungua daftari kwenye pini na kuanza kuhesabu karatasi kwa kidole gumba. Chumba kizima tulimsikia. Kumi. Akahesabu tena. Daftari jipya lina ishirini na nne, hilo hata mimi nalijua.

"Na nyinyi wengine?" akauliza bila kuinua macho.

Yule mtoto wa meno mawili akanyoosha mkono. Kisha wa nyuma yake. Kisha ikawa mikono mingi, sikuihesabu. Redio akasema kwa sauti ya chini, ya kwanza niliyowahi kuisikia kwake, "Mimi nimebakiwa na nne, Mwalimu. Ndiyo maana siandiki sana."

Kuna aliyecheka kidogo akajizuia. Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaiacha ianguke kwenye kamba yake. Nilidhani atafoka. Alionekana tu kama mtu aliyebeba ndoo njia nzima akafika nyumbani na kukuta imetoboka.

"Miaka tisa nimekagua madaftari haya," akasema, sijui alikuwa anamwambia nani. "Sikuwahi kuangalia unene." Halafu akamgeukia mpwa wangu. "Nilikuambia nataka mtoto aliyefika. Huyu amefika?"

Mpwa wangu angeweza kuzungusha maneno. Nilimwona anayatafuta, na nilimwona anayaacha. "Hajafika, Mwalimu Mkuu. Njia yake bado ina kosa."

"Naona." Akayafunga madaftari yote mawili. "Darasa la saba watachapa asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza. Nitawafungulia mimi mwenyewe. Kipindi hiki kibaki cha hawa, mpaka mwisho wa mwaka, halafu tutaongea tena. Na Ijumaa ijayo sitaki kuona madaftari safi. Nataka kuona yenye karatasi zake zote."

Watoto hawakuelewa yote, ila walielewa kwamba kompyuta haziondoki, na kelele iliyofuata ilifanya mwalimu wa darasa la jirani apige hodi ukutani. Mpwa wangu hakupiga kelele. Alikuwa amegeuka upande wa ubao, anapangusa mahali ambapo hapakuwa na chaki.

Kengele ya mapumziko ikalia. Wakamwagika nje, Redio mbele, akitangaza habari kabla hajafika mlangoni. Karani peke yake hakutoka. Alikuwa amerudi kwenye mashine yake, amepiga magoti kwenye kiti, kidole kwenye kioo, midomo inahesabu miraba.

"Nenda ukacheze, mwanangu," Mwalimu Mkuu akamwambia. "Sisimizi hatakimbia."

"Bado kidogo, Mwalimu. Kosa nimelibana. Sasa hivi anapotea tena, na liko kati ya saba na nane."

Yule mama akaangalia mlango, akaangalia saa yake. Halafu akavuta kiti cha darasa la pili, kile kifupi, akakaa magoti yakimfika kifuani, akavaa miwani.

"Nisomee ya saba," akasema.